Baruti ya chenga kubwa iliyokaa miaka: gobore lipi litaipenda, lipi litaikataa

Tunachopima hapa ni baruti nyeusi ya daraja la Fg, yenye chenga kubwa kuliko madaraja yote yanayotumika sana kwenye bunduki za kushindilia. Tena si ile iliyotoka kiwandani juzi. Ni ile iliyokaa kwenye kopo la bati miaka ishirini, thelathini au zaidi, ambayo mwenye gobore anaambiwa aimwage kwa kuwa "imezeeka".

Hukumu tuiweke mbele. Kwa gobore la mtutu mpana usio na mifereji (mikato ya ndani inayozungusha risasi), nyota nne kati ya tano. Kwa bunduki ya kushindilia yenye mifereji ya kipenyo cha .50, yaani nusu inchi, nyota mbili na nusu. Kwa .45, nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu angalau inalipuka. Umri wa baruti haujaingia kwenye hesabu hii hata kidogo. Kinachoamua ni ukubwa wa chenga na jinsi kopo lilivyotunzwa.

Tunazungumza na mwenye gobore lenye leseni na baruti yenye kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitanii. Gobore la bomba la maji lililochomelewa uani halimo kabisa kwenye tathmini hii. Bomba lina mshono, mshono haukutengenezwa kubeba mlipuko, na hakuna daraja la baruti litakalolifanya kuwa salama.

Sasa umri. Baruti nyeusi ni shura (chumvi ya nitreti), mkaa na kiberiti (salfa) vilivyosagwa, vikagandamizwa na kukatwa chenga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachooza kikiwa kikavu. Baruti isiyo na moshi, ile ya ndani ya risasi za kisasa, hubadilika kikemia yenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Nyeusi haina tabia hiyo. Mwaka 2008 huko Virginia, Marekani, mkusanyaji wa vitu vya kale aliuawa na kombora la mzinga la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 alipokuwa akilisafisha. Baruti iliyokuwa ndani ilikuwa na umri wa karibu karne moja na nusu, na haikuwa imesahau kazi yake.

Ndiyo maana gobore la urithi linaloning'inia ukutani Urambo au Sikonge lisichukuliwe kuwa tupu kwa sababu tu babu amefariki zamani. Ingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, taratibu kupitia mdomo wa mtutu, mdomo ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu, mpaka ukwame. Weka alama kwenye mdeki pale mdomo ulipo. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikilingana na mdomo. Ncha ikifika karibu na tundu la moto, kile kitundu cha nyuma moto unakoingilia, gobore ni tupu. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, kuna kitu ndani, na kitu hicho ni cha kuchukuliwa kuwa kiko hai. Mwite fundi mwenye leseni. Kupasha moto au kutoboa mtutu ili "kuzibua" ni njia fupi ya kwenda hospitali ya Kitete.

Chenga kubwa na Tabora zinafahamiana tangu zamani. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilileta Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, baruti pamoja na kitambaa cha marikani, shanga na nyaya, na Mirambo, mtemi wa Urambo, alipofunga njia ya Ujiji mwaka 1871, vita ile ilipiganwa kwa bunduki za kushindilia pande zote mbili. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuja kuzuia silaha bora zisiingie, lakini ukaacha mlango kwa gumegume (bunduki zinazowashwa kwa cheche ya jiwe) zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa hiyo gobore la mtutu mpana ni chombo kilichozoea baruti isiyo laini. Wanaolaumu Fg kwa kawaida wameitia kwenye bunduki isiyo yake.

Kabla ya chochote, hakikisha ni baruti nyeusi. Chenga za Fg zinakaribia punje za ulezi, kati ya milimita 1.2 na 1.7. FFg ni kama sukari ya chenga kubwa, milimita 0.6 hadi 1.2. FFFg inakaribia chumvi, 0.3 hadi 0.85. Umbo lake halina mpango: pembe pembe, kila chenga na sura yake, kama kokoto ndogo. Nyingi hung'aa kwa sababu zimepakwa grafiti, kitu kilekile kilichomo kwenye penseli. Ukiona vijiti vilivyokatwa urefu mmoja, visahani, vipande bapa au vijiduara vinavyofanana kama mapacha, hiyo ni baruti isiyo na moshi. Kiasi kidogo tu cha hiyo kwenye gobore hupasua mtutu, na mkono wa kushoto ndio hulipa. Kopo lisilo na lebo, au baruti iliyohamishiwa kwenye chupa ya asali, haipimwi wala haijaribiwi. Polisi wapo kwa kazi hiyo.

Lebo husaidia kujua umri. Kopo la DuPont, kampuni ya Marekani, ni la kabla haijaachana na baruti nyeusi katika miaka ya 1970, kazi ikachukuliwa na GOEX. GOEX iliyoandikwa Moosic, Pennsylvania, ni ya kabla ya kiwanda kuhamia Minden, Louisiana, mwaka 1997. Herufi F zikiwa nyingi, chenga ni ndogo. Wengi hudhani F nyingi ni nguvu nyingi, wakakosea kununua.

Ukifungua kopo, sikiliza kwanza linavyomwagika. Baruti nzima hutiririka kama mtama mkavu. Ikishuka kwa mabonge, unyevu umeshaingia. Bonge linaloachia lenyewe kwa kulitikisa kidogo si tatizo kubwa. Bonge gumu lisipondwe, wala kwa kidole. Tazama pia rangi: utando mweupe au vichele vyeupe juu ya chenga ni shura iliyoyeyuka ikatoka nje na kukauka. Baruti hiyo imekwisha. Kuianika juani kutaondoa maji, lakini shura haitarudi mahali pake ndani ya chenga, na utapata mlipuko mmoja dhaifu, unaofuata mkali, unaofuata kimya. Baruti isiyotabirika ni mbaya kuliko baruti dhaifu, maana dhaifu unaweza kuizoea.

Tatizo la tatu ni vumbi. Kopo lililosafirishwa kwa gari kwenye barabara ya rafu au kwa treni ya mizigo husaga chenga zake zenyewe, na vumbi hukaa chini. Robo ya juu ya kopo itakuwa pole, robo ya mwisho itakuwa na hasira. Pitisha baruti kidogo kidogo kwenye chekeche la wavu wa shaba, nje, kivulini, mbali na jiko na sigara, juu ya karatasi, bila kusugua. Chekeche la plastiki liachwe jikoni kwa sababu ya umeme tuli. Vumbi lililobaki chini lirowekwe maji mara moja. Na usisage chenga kubwa ili upate ndogo. Hakuna bei ya FFg inayofaa hatari hiyo.

Kuna kipimo cha zamani cha ubora ambacho bado kina maana. Weka nusu kijiko cha chai juu ya karatasi nyeupe, nje, kopo likiwa limefungwa na liko mbali hatua kumi au zaidi, uwashe kwa kijiti kirefu. Baruti nzuri huondoka kwa pumzi moja na kuacha alama chache za kijivu. Iliyochoka huacha vitone vyeusi vyenye mafuta na kuunguza karatasi matundu.

Kwa nini chenga kubwa hupendelea mtutu mpana? Baruti nyeusi huungua kuanzia juu ya chenga kuelekea ndani. Uzito uleule wa chenga kubwa una uso mdogo wa kuungua, kwa hiyo gesi hutoka polepole na shinikizo hupanda taratibu. Katika mtutu mpana wenye popoo (risasi ya duara) zito au kiasi kikubwa cha marisawa (risasi ndogo ndogo), mzigo unasubiri na baruti inapata muda. Katika mtutu mwembamba wenye popoo jepesi, popoo limeshatoka na chenga bado zinawaka nje. Ukitaka kuona, tandaza shuka jeupe chini mbele ya mdomo, hatua mbili tatu, upige juu yake. Kwa .45 shuka litajaa chenga nyeusi nzima nzima ambazo ulizilipia.

Vipimo. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, kwa kipimio cha shaba kilichoandikwa greni. Greni 1 ni gramu 0.0648, na ratili moja ya gramu 454 ina greni 7,000. Kwa mtutu laini wa geji 12, wenye kipenyo cha karibu milimita 18.5, greni 75 za Fg, yaani gramu 4.9 hivi, na gramu 32 za marisawa ni mzigo wa kistaarabu. Kanuni ya wazee ya kipimio kilekile cha baruti na kilekile cha marisawa haiko mbali na hapo. Mtutu wa .75 unaopiga popoo huchukua greni 80 hadi 100. Kwa .58 ya aina ya Springfield, bunduki ya jeshi la Marekani, ya mwaka 1861, kiasi cha jeshi kilikuwa greni 60 nyuma ya risasi ya greni 500. Fg hufanya kazi hapo, ila FFg huacha masizi machache. Kwa .50 yenye popoo la .490, greni 70 za FFg ni mahali pa kuanzia. Ukiweka Fg kiasi hicho hicho, popoo hushuka chini ya shabaha. Kishawishi ni kuongeza. Ongeza greni 5 kwa wakati, na usivuke kiwango cha juu alichotoa mtengenezaji wa bunduki. Mara nyingi utagundua kwamba nyongeza yote inatua kwenye shuka.

Kushindilia ndiko watu wanakojifanya wanajua. Kausha mtutu kwa kitambaa, piga fataki (kikofia cha kuwashia) moja au mbili tupu kuchoma mafuta yaliyo kwenye chuchu, kile kipande kinachovishwa fataki. Mimina baruti kutoka kwenye kipimio, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya baruti wala kopo: cheche iliyobaki ndani ya mtutu ikikutana na greni 75 itakuunguza vidole, ikikutana na kopo zima itawaachia ndugu kazi. Gonga ubavu wa mtutu kwa kiganja mara tano sita. Kwa chenga kubwa hatua hii si pambo, maana ndiyo inayozisogeza kuelekea tundu la moto. Kisha popoo na kitambaa chake, halafu mdeki kwa mapigo mafupi ya shubiri moja moja, ukiushika karibu na mdomo ili usivunjike na kukuchoma mkono.

Popoo lazima likae juu ya baruti, ligusane nayo. Chora alama mbili kwenye mdeki, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu wenye mzigo wako wa kawaida. Alama ya pili ikibaki juu ya mdomo kwa upana wa vidole viwili, popoo limekwama njiani na kuna nafasi tupu kati yake na baruti. Kupiga hivyo huvimbisha mtutu kama chatu aliyemeza mbuzi, au huupasua. Alama ikiwa juu sana, fikiria pia kwamba umetia mzigo mara mbili.

Malalamiko makubwa juu ya Fg ni kuchelewa kulipuka: fataki inalia, kimya, kisha mshindo. Chenga za ukubwa wa ulezi haziingii vizuri kwenye njia nyembamba iliyo chini ya chuchu, hivyo moto wa fataki husafiri nafasi tupu kabla ya kukuta kitu. Kwenye bunduki ya fataki, zibua njia kwa waya wa shaba kabla ya kushindilia, tumia fataki mpya, na badilisha chuchu iliyopanuka. Kwenye gumegume, usitie Fg kwenye kisahani cha nje kinachopokea cheche. Hapo panataka FFFFg au angalau FFFg. Fataki ikilia na bunduki isilie, iache imeelekea kwenye shabaha dakika moja nzima au mbili. Mwenye haraka ndiye huchungulia.

Masizi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kuwa kitu kigumu baada ya mlipuko: sehemu huondoka kama moshi mweupe, sehemu hubaki mtutuni. Fg kwenye mtutu mwembamba, kwa kuwa haiungui vizuri, hukushtaki mapema. Kufikia mpigo wa tatu au wa nne popoo halitaki kushuka. Hapa majira yana neno. Masika, na kando ya ziwa kule Kigoma, masizi huvuta unyevu na kubaki laini. Kiangazi cha Tabora, kati ya Juni na Oktoba, hukauka yakawa ganda kama ukoko wa ugali sufuriani. Dawa ni kitambaa kilicholoweshwa kidogo, kwa mate hata, kishuke mara moja na kupanda mara moja kati ya mpigo na mpigo, kisha kikavu. Kikilowa sana unasukuma tope kwenye njia ya moto.

Kwa ulainisho wa kitambaa, mtu wa Tabora hana sababu ya kuagiza kitu mbali. Nta ya nyuki sehemu 1 na mafuta ya kondoo au ng'ombe yasiyo na chumvi sehemu 3, yayeyushwe ndani ya sufuria iliyokalishwa juu ya maji ya moto, yakoroge mpaka yapoe. Wakati wa joto kali punguza mafuta yawe sehemu 2, la sivyo yatachuruzika na kulowesha baruti. Chuja nta kwanza. Ya sokoni mara nyingi huja na mabawa na magome ya mzinga. Alizeti huacha utando unaonata. Mawese ghafi yana tindikali isiyopatana na chuma. Grisi ya gari ndiyo mbaya kupita zote: ikichanganyika na moto wa baruti nyeusi hugeuka lami. Kitambaa chenyewe kiwe pamba tupu, unene wa karibu milimita 0.4. Marikani nzito isiyo na gundi inatosha. Choma uzi mmoja. Ukigeuka jivu ni pamba, ukijikunja kuwa kishanga kigumu ni plastiki, na kishanga hicho kitabaki ndani ya mifereji.

Okota vitambaa baada ya kupiga. Kilichotoboka katikati kwa moto hakikuwa na ulainisho wa kutosha au ni chembamba. Kilichokatika kingo kimekutana na mifereji mikali. Kizima chenye msalaba mweusi ndicho unachokitaka.

Usafi ni siku hiyo hiyo. Mabaki ya baruti nyeusi ni chumvi chumvi, huvuta maji kutoka hewani, na kufikia asubuhi mtutu umeota kutu. Maji ya moto na sabuni ya mche, mara tatu au nne mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha maji ya moto matupu ili chuma chenyewe kipate joto na kukauka. Maliza kwa mafuta mepesi ya cherehani, utakayoyafuta kabla ya kushindilia tena. Chuchu ifunguliwe na ioshwe peke yake.

Kopo lenyewe likae na kifuniko kilichobana, kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, chumba chenye ubaridi, mbali na jiko la mkaa na chini ya dari badala ya bati tupu. Sanduku zito la chuma lililofungwa kabisa si salama kama linavyoonekana, kwa kuwa baruti ikiwaka ndani yake halina pa kupumulia na linageuka bomu.

Baruti iliyoharibika ripoti polisi, wao ndio wenye utaratibu. Vumbi la chekeche ulilolirowekа lizamishwe kwenye ndoo ya maji mengi, likae, na maji yake yasimwagwe mahali ng'ombe au mbuzi wanapokunywa au kulamba ardhi. Shura huwaua.

Anayechagua kopo moja tu kwa bunduki mbili, laini na ya mifereji, achukue FFg. Itafanya kazi kwenye geji 12 bila kulalamika na kwenye .50 bila kuaibika. Mwenye mtutu mpana peke yake, akiletewa kopo la zamani la Fg lenye lebo, kavu, linalotiririka, lisilo na weupe, alichukue kwa bei ya chini ya jipya na alichekeche kabla ya msimu.